Ramani ya Rubani, Tangu Daftari Hata Kioo

Katika miaka ya 1920, ndege za posta za Marekani zilipokuwa zikivuka milima ya Magharibi, rubani hakuwa na ramani iliyotungwa kwa ajili yake. Aghalabu alichukua ile ya barabara, anunuayo mwenye motokaa, akaifuata reli kwa macho, na ukungu ulipotanda akazidi kushuka aitafute ardhi, ambayo wengine waliiona wakati wa kuiepuka umekwisha kupita.

Elrey Jeppesen alikuwa rubani wa posta kama hao, naye mwaka 1930, akiwa ameona wenzake wakifa, alinunua daftari dogo jeusi kwa senti 10, akaandika humo urefu wa kila kiwanja na mteremko wake, mahali maji yatuamapo, taa, waya, na hata nambari za simu za wakulima waishio njiani, ili awaulize habari za mawingu kabla hajaruka. Siku za mapumziko alipanda vilima, mabomba ya moshi na minara ya maji, altimeta mkononi, apate kujua kwa yakini kimo cha kila kizuizi. Na kazi hii ya miguu, nionavyo mimi, ndiyo asili ya elimu yote iliyofuata, kwani mtu ashukaye ndani ya wingu hana haja na uzuri wa nchi, bali hutaka jawabu la swali moja tu: nishuke hata kimo gani ningali salama? Manahodha wetu, wenye rahamani zao za baharini, wangalimfahamu mara moja. Wenzake wakaomba nakala, na maombi yalipozidi, mwaka 1934, akaanza kuziuza kwa dola 10.

Karatasi za namna hiyo ziliwaongoza marubani miaka mingi, kisha mwaka 1982 Boeing 767 ilianza kazi ikiwa na kioo mfano wa televisheni mbele ya rubani, njia imechorwa juu yake na alama ya ndege chini, hata mtu hakulazimika tena kuunganisha akilini karatasi na mishale ya saa zake. Lakini kioo kile kilionyesha njia, milima hakikuionyesha. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995, karibu na Cali, Kolombia, marubani wa Boeing 757 waliokusudia kwenda kituo cha redio cha Rozo, ambacho karatasi yao ilikiandika kwa herufi R, waliiingiza herufi hiyo katika kompyuta, nayo ikatanguliza katika orodha Romeo, kituo kilicho karibu na Bogotá, wakakichagua. Ndege ikageuka kushoto kuelekea milimani, na watu 159 wakafa.

Wakati huo mhandisi Don Bateman na wenzake walikuwa wamekwisha kuunda chombo kilinganishacho mahali ndege ilipo na vimo vya ardhi vilivyohifadhiwa ndani yake, kikakipaka kioo rangi ya kijani, manjano na nyekundu kwa kadiri ya hatari. Vimo hivyo havikupatikana kwa wepesi. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa imepimwa na majeshi tu, na baada ya dola ya Kisovieti kuanguka, ramani zake za siri zikauzwa, wahandisi hao wakiwa miongoni mwa wanunuzi.