"Azizi Ali Shusha!", au Mwenye Gazeti Aliyeandika Historia ya Mji Wake

Wadau, mnaopanda magari ya Mbagala mnakijua kituo cha Mtoni kwa Azizi Ali. Konda anagonga bati, "Azizi Ali wapo?", mtu wa nyuma anajibu "shusha!", gari linasimama, safari inaendelea. Mimi nimepita pale tangu nikiwa shule ya msingi, nimebanwa katikati ya ndoo za samaki na mabegi ya wanafunzi wenzangu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza Azizi Ali ni nani. Nilidhani ni mwenye duka fulani la zamani.

Nilikuwa nimeshaanza kazi ya uandishi ndipo nikakutana naye kwenye kitabu. Mohamed Said ameandika maisha ya Abdulwahid Sykes. Kitabu kilitoka London kwa Kiingereza mwaka 1998, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka Nairobi mwaka 2002. Humo ndimo nilimojua kuwa Azizi Ali alikuwa mtu kweli, mjenzi wa majumba mwenye uwezo wake hapa mjini, na kwamba mwanawe ni Dossa Aziz, mmoja wa wale 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Ni Dossa huyo huyo aliyempa Mwalimu Nyerere gari lake wakati chama hakina gari. Jamani! Miaka yote hiyo ninashuka kituoni kwa baba yake Dossa Aziz na sijui.

Nikampelekea mhariri wangu wazo: makala kuhusu majina ya vituo na mitaa ya Temeke. Akanitazama, akauliza, "Habari hapo ni ipi?" Simlaumu sana. Gazeti ni la leo, kesho linafungiwa vitumbua. Lakini swali lile halikunitoka, nikaanza kutafuta kama kuna mtu wa gazeti huku kwetu aliyewahi kufanya kazi zote mbili, ya leo na ya zamani, kwa mkono mmoja. Nikampata Mombasa.

Wengi wetu tunamjua mtoto wake. Profesa Ali Mazrui, yule wa Makerere na baadaye Marekani, aliyetengeneza mfululizo wa televisheni juu ya Afrika mwaka 1986 na kufariki mwaka 2014. Baba yake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba akiwa bado mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na mzee wa ukoo, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui. Akaenda pia Unguja kusoma kwa mabingwa wa wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Akawa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na nadhani huko ndiko alikoona kuwa karatasi iliyochapwa inaweza kufika mahali ambapo sauti ya msikitini haifiki.

Mwaka 1930 akaanzisha gazeti lake, Sahifa. Sahifa maana yake ni ukurasa, na kweli kilikuwa kijigazeti tu, si gazeti la kutandaza mezani. Mwaka 1932 akaja na Al-Islah, la Kiarabu na Kiswahili, jina lake likiwa na maana ya kutengeneza mambo. Aliwasema watu wa pwani bila kuwaonea haya: mnauza ardhi na nyumba za wazee wenu, mnamaliza fedha kwenye harusi na matanga, hamsomeshi watoto, wa kike ndiyo kabisa, mnaiga mavazi ya Wazungu na kuacha elimu yao. Ukiondoa tarehe, baadhi ya maneno hayo ungedhani yameandikwa juzi kuhusu Mbagala.

Jambo moja kuhusu Sahifa lilinishika zaidi kuliko mengine. Ilikuwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba yule mama au mvuvi ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya Mzungu, ambaye karani wa serikali angemwandika "hajui kusoma", alikuwa anaweza kulisoma gazeti lile. Alikuwa amesoma chuoni, herufi anazijua, na lugha ni yake. Huku kwetu Tanganyika serikali ilikuwa inatoa Mambo Leo tangu 1923 kwa herufi za Kirumi, na wasomaji walikuwa wanatuma humo habari za kabila zao na desturi zao, nyingine nzuri sana. Lakini Mambo Leo lilikuwa gazeti la Idara ya Elimu. Sheikh hakuwa na idara nyuma yake.

Sasa njoo kwenye historia. Huku anaandika gazeti, na baadaye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alikuwa na kazi nyingine: kuandika habari za watawala wa Mombasa wa ukoo wa Mazrui. Si habari ndogo. Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Katika karne ya 18 Mazrui wakapewa uliwali wa Mombasa, na utawala ulipobadilika kule Oman wao wakakataa kumtii mtawala mpya, wakawa wanajitawala. Mwaka 1824 wakaona Sayyid Said bin Sultan anawakaba, wakamwomba nahodha mmoja Mwingereza, Owen, awapandishie bendera ya Uingereza. Akaipandisha! Bendera ikakaa mpaka 1826, London ikasema haitaki. Mwaka 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa, akawakamata wakubwa wa Mazrui na kuwapeleka mbali wasikorudi. Waliobaki wakatawanyika, wengine Takaungu kaskazini, wengine Gazi kusini.

Kwa hiyo sheikh anaandika habari za watu wake walioshindwa, miaka mia moja baada ya kushindwa, na huku bendera ya aliyewashinda ingali inapepea juu ya Fort Jesus, maana mwambao wa Kenya ulihesabika kuwa wa Sultani wa Zanzibar hata Waingereza walipokuwa ndio wenye amri. Hebu fikiria kukusanya habari katika hali hiyo.

Na kuna kipande cha hadithi hii kinachotuhusu sisi wa Dar moja kwa moja. Sheikh alipokuwa mtoto wa miaka minne mitano, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, Mazrui mwingine, alipigana na Waingereza, 1895 hadi 1896. Alipozidiwa akavuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, na akaishi uhamishoni hapa hapa Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Mpigania Mombasa alimalizia siku zake kwetu. Nimeuliza vijana wa rika langu, wasomi kabisa, zaidi ya kumi. Hakuna aliyewahi kumsikia.

Lakini nisimpambe mno sheikh. Anayeandika historia ya ukoo wake mwenyewe anaona mlango wa mbele wa nyumba vizuri kuliko uani. Mashamba ya Takaungu na Gazi yalilimwa na watumwa, na watumwa hawakuwa na mtu wa kuwaandikia nasaba. Siwezi kusoma habari za maliwali na mabaraza yao bila kujiuliza aliyekuwa anateka maji jina lake nani. Swali hilo hilo ningewauliza wanahistoria wetu hapa mjini. Kitabu cha Mohamed Said nacho kina wanaokipinga, na ubishi wake ukianza barazani kahawa inapoa. Hata hivyo wabishi wote wanabishana juu ya kitu kilichoandikwa. Asingeandika, wangebishana juu ya nini?

Kilichonisikitisha ni safari ya karatasi zenyewe. Historia ile sheikh aliiandika kwa Kiarabu, akaiacha mkononi haijachapwa. Ilikuja kuchapwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya kifo chake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie, na wachapaji ni Oxford University Press kwa niaba ya British Academy. Makala za gazeti zilikuwa na bahati zaidi, zilikusanywa na kutolewa kama kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 Kai Kresse na Hassan Mwakimako wakazitoa tena, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, safari hii kupitia Brill wa Uholanzi. Kazi nzuri, siwasemi vibaya. Ila bei ya vitabu hivyo si ya mtu wa mshahara wangu. Gazeti lililotengenezwa kwa ajili ya mvuvi wa Mombasa sasa linasomwa kwa urahisi zaidi Leiden kuliko Likoni.

Hapa Dar tunaye wa kumlinganisha naye, ingawa hakuwa mwenye gazeti. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, baba yake akiwa askari aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Mwaka 1929 alikuwa katibu wa African Association ilipoanzishwa. Kabla ya kufariki mwaka 1949 alikaa akaandika maisha yake. Karatasi zikabaki nyumbani. Mjukuu wake Daisy alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akazitumia kuandika makala juu ya babu yake, ikachapwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Kama sanduku lile lingeliwa na mchwa, au wajukuu wangegombea nyumba na kutupa makaratasi (tunajua mambo ya mirathi yalivyo), tungeijua Dar es Salaam ya miaka ya ishirini kwa mafaili ya wakoloni tu.

Mimi nina yangu ya kukiri. Kuna mzee mmoja wa Temeke nilimrekodi saa moja na nusu kwenye simu. Alikuwa kuli bandarini, anakumbuka migomo, anakumbuka nani alikuwa na redio ya kwanza mtaani kwao. Nikasema nitaiandika wikiendi. Wikiendi ikawa mwezi, nikachomolewa simu Kariakoo, na sikuwa nimehifadhi mahali pengine. Niliporudi kwake nikakuta turubai limefungwa nje na watu wamekaa kwenye mikeka. Sikumwambia mtu yeyote pale msibani kwa nini nilikuwa nalia kuliko ndugu wengine.

Baada ya hapo nikaenda kwa bibi yangu, na yeye ni wa Temeke hiyo hiyo. Nikamwambia, bibi, nataka unihadithie mlivyohamia huku. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa mtoto, nitakumbuka nini? Kalete msahafu wa babaangu kule kabatini." Nikaleta. Mnajua wazee walivyokuwa wanaandika kwenye kurasa za mwanzo: fulani kazaliwa, fulani kafariki. Ukurasa mzima umejaa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa wa kahawia. Mimi mwenye shahada nimeukodolea macho kama ng'ombe. Bibi, ambaye kwenye fomu ya sensa anaandikwa hakusoma, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaweka kidole kwenye mstari wa nne na kusoma taratibu. Babake kaandika kuwa wamehamia Temeke, Mfunguo Tano, mwaka 1373.

Nikapiga hesabu kwenye simu: Oktoba 1953.

"Basi nilikuwa na miaka kumi," bibi akasema. "Tulikuja na lori, na mama alikuwa anagombana na mwenye lori kwa sababu ya kinu. Mikorosho ilikuwa mpaka pale kwenye vibanda vya M-Pesa." Akaanza kuwataja majirani, nyumba kwa nyumba, wa kulia na wa kushoto. Nilikuwa na daftari safari hii. Tumefika nyumba ya tisa, akasema amechoka, nirudi Jumamosi na nisisahau ugoro wake.

Mstari wa tano hakunisomea. Alipitisha kidole tu akafunga msahafu, na mimi siujui kuusoma.