Saa ya kronografu: Mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

MTU anayeishika saa ya kronografu kwa mara ya kwanza aghalabu hudhani imekufa. Akrabu ndefu ya katikati, ambayo katika saa nyingine huzunguka bila kukoma, imesimama wima kwenye nambari 12 na haitikisiki.

Kumbe saa ni nzima. Akrabu hiyo haikuwekwa kuonyesha sekunde za siku bali kupima muda, na husubiri mpaka iamrishwe. Sekunde za kawaida huhesabiwa na akrabu nyingine ndogo iliyo katika kijiduara kando ya uso wa saa.

Kutolijua jambo hilo dogo kunaweza kumtia mnunuzi hasara. Kwa mkazi wa Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, saa ya aina hii huweza kumfikia kwa njia kadha: zawadi ya kustaafu iliyochangwa na wafanyakazi wenzake, urithi kutoka kwa mzazi, au mchuuzi anayedai kuwa na saa ya kifahari kwa bei ya kutupa. Katika hali zote hizo macho pekee hayatoshi. Kronografu hukaguliwa kwa kidole na kwa sikio pia.

Asili yake

Neno kronografu limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya wakati na kuandika. Mfaransa Louis Moinet aliunda kifaa cha kupima sehemu ndogo za sekunde mwaka 1816 ili kimsaidie kutazama nyota. Mwaka 1821, Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi jijini Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipofika. Chombo hicho kiliuandika wakati kwelikweli.

Uwezo wa kuirudisha akrabu kwenye sufuri kwa mbonyezo mmoja ulitokana na kazi ya fundi Adolphe Nicole, aliyeisajili hataza yake mwaka 1844. Siri yake ni kipande cha chuma chenye umbo la moyo, ambacho kikigongwa na nyundo ndogo hujigeuza hadi mahali pamoja tu. Kipande cha namna hiyo kingali kinatumika katika kronografu za leo.

Ikumbukwe kwamba kronografu si kronometa. Kronografu ni saa yenye uwezo wa kupima muda, ilhali kronometa ni saa iliyothibitishwa na taasisi maalumu kuwa haipotezi wala haiongezi sekunde kupita kiwango. Saa moja inaweza kuwa yote mawili, au mojawapo tu.

Mfano wa saa mpya

Mfano mzuri ni Omega Speedmaster iliyozinduliwa upya Januari 2021 ikiwa na mtambo nambari 3861. Jina la Speedmaster lilianza mwaka 1957. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliidhinisha saa hiyo kwa safari zake mwaka 1965, na mwanaanga Buzz Aldrin aliivaa juu ya mwezi Julai 1969.

Toleo la 2021 lina kasha la chuma cha pua lenye upana wa milimita 42. Halitumii betri, mwenyewe huitia ufunguo kwa mkono, nayo hukaza kamani inayoendesha mtambo kwa saa 50. Ikitiwa ufunguo hadi mwisho Ijumaa saa kumi na mbili jioni, itaweza kuendelea hadi Jumapili mwendo wa saa mbili usiku.

Badiliko ambalo mnunuzi anaweza kulithibitisha papo hapo ni hili: kifundo cha kutilia ufunguo kikivutwa nje, akrabu ndogo ya sekunde husimama, hivyo mtu anaweza kuilinganisha saa yake na redio kwa sekunde. Mtambo uliotangulia, nambari 1861, haukuwa na uwezo huo.

Saa hiyo huuzwa ikiwa na kioo cha yakuti ya kutengenezwa au cha plastiki ngumu. Kile cha plastiki hukwaruzika upesi lakini hakipasuki vipande vipande. Katikati yake huwa na nembo ya kampuni, ndogo mno kiasi kwamba huonekana tu saa ikiinamishwa kwenye mwangaza.

Ukaguzi wa dakika moja

Kwanza, kitufe cha juu kibonyezwe. Akrabu ndefu ianze safari mara moja bila kuruka wala kusitasita. Kikibonyezwa tena, isimame. Kisha kitufe cha chini kibonyezwe: akrabu irudi kwenye 12 barabara. Ikitua pembeni, ama saa ni mbovu ama ilifunguliwa na asiyeijua.

Pili, vijiduara vikaguliwe. Katika Speedmaster, kile cha kushoto ni cha sekunde za kawaida, cha kulia huhesabu dakika hadi 30, na cha chini huhesabu saa hadi 12. Saa nyingi bandia huwa na vijiduara vya kuchorwa tu, au akrabu zake huonyesha siku na tarehe huku muuzaji akiapa kwamba ni kronografu.

Tatu, mwendo usikilizwe na utazamwe. Akrabu ya mtambo wa kamani huteleza kwa hatua ndogondogo. Mtambo wa 3861 hupiga mara sita kwa sekunde. Akrabu ikiruka hatua moja kila sekunde, mtambo ni wa betri. Hilo si kosa kwa yenyewe, kwani zipo kronografu halali za betri. Kosa ni kuuziwa saa ya betri kwa jina na bei ya ile ya kamani.

Nne, nambari iliyochongwa kwenye kasha ilingane na ile ya kadi ya dhamana. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na bei ya chini mno ni onyo tosha. Speedmaster ya 2021 iliingia sokoni kwa zaidi ya dola 5,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni za Kenya. Anayeitoa mpya kwa shilingi elfu chache ameshajibu swali.

Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka 2008 inaharamisha kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza bidhaa za aina hiyo. Hata hivyo, sheria haimrudishii mnunuzi pesa zake siku ileile, na mchuuzi asiye na duka wala risiti ni vigumu kupatikana tena.

Matumizi mtaani

Faida ya chombo hiki huonekana kikitumiwa. Katika uwanja wa Camp Toyoyo mtaani Jericho, mtazamaji wa kandanda akibonyeza kitufe wakati wa kipenga cha kwanza, kipindi cha dakika 45 kitakapotimia ataikuta akrabu ya dakika imemaliza mzunguko mmoja wa 30 na kufika 15 katika wa pili. Raundi ya ndondi ya dakika tatu ni rahisi zaidi kuisoma.

Ukingoni mwa uso kuna nambari za kupimia kasi ya chombo cha usafiri. Gari likipita kilomita moja kwa sekunde 45, akrabu itaelekea 80, yaani kilomita 80 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha juu kilichowekewa matatu katika kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Kwa kuwa hesabu hiyo hukoma kwenye 60, msongamano wa asubuhi katika barabara ya Jogoo hauwezi kupimwa nayo.

Isidhaniwe pia kwamba saa ya mkononi inaweza kuchukua nafasi ya mitambo ya riadha. David Rudisha alishinda mbio za mita 800 za Olimpiki jijini London mwaka 2012 kwa dakika 1 sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mtambo unaopiga mara sita kwa sekunde hauwezi kutenganisha sehemu za mia za sekunde.

Gharama ya kuitunza

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Mtambo wa kronografu huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hadi minane. Fundi wa mtaani anayebadilisha betri na mikanda kwa ustadi huenda asiwe na vipuri wala vifaa vya kazi hiyo, na fundi mwaminifu husema hivyo kabla ya kukifungua kifuniko.

Maji nayo ni adui. Maandishi ya mita 50 hayana maana ya ruhusa ya kupiga mbizi, na vitufe havipaswi kubonyezwa saa ikiwa majini.

Kwa sababu hiyo, kamati inayochanga pesa za zawadi ya mstaafu ingefaa kuuliza maswali matatu dukani: dhamana ni ya miaka mingapi, saa itahudumiwa wapi, na kwa kiasi gani. Mstaafu anayeishi kwa pensheni hatakiwi kupewa zawadi ambayo matengenezo yake ya kwanza yatamshinda.