Ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya mwanzo nchini Tanzania

Ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya mwanzo nchini Tanzania ni sehemu ya elimu ya msingi inayohusu namna mtoto wa darasa la awali, la kwanza na la pili anavyofundishwa kutambua sauti, herufi na silabi hadi aweze kusoma maandishi ya Kiswahili na kuyaelewa. Hutajwa pamoja na kuandika na kuhesabu kwa kifupi cha KKK. Tangu miaka ya 2010 asasi za kiraia, wizara ya elimu na wafadhili wamedai kwamba ufundishaji huo ufuate matokeo ya utafiti badala ya mazoea peke yake.

Asili ya mjadala

Mjadala wenyewe ulianzia katika nchi zinazotumia Kiingereza. Mwaka 1967 Jeanne Chall wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kilicholinganisha tafiti za miaka mingi na kuona kwamba watoto waliofundishwa uhusiano wa herufi na sauti walifanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo Kenneth Goodman alitoa hoja iliyo karibu na kinyume chake, kwamba msomaji hubahatisha neno kwa msaada wa maana, sarufi na picha. Wazo la Goodman lilitawala vyuo vingi vya ualimu kwa miaka mingi.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la vitu viwili: uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Kimoja kikiwa sifuri, matokeo ni sifuri. Mwaka 2000 jopo la wataalamu nchini Marekani lilitaja nguzo tano za ufundishaji: utambuzi wa sauti, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha, msamiati na ufahamu. Uingereza ilipata ripoti ya Jim Rose mwaka 2006, na tangu mwaka 2012 watoto wa miaka sita hivi katika shule za umma za England hupimwa uwezo wa kusoma maneno kwa kufuata sauti za herufi.

Hali ya Kiswahili

Sehemu kubwa ya ugomvi huo haikihusu Kiswahili moja kwa moja. Tahajia ya Kiingereza ina vurugu nyingi, ilhali Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, kila moja ina sauti moja, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana walimu wa Tanzania wamezoea kufundisha kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwa Kiswahili njia hii ina mantiki, na si sawa kuiita ya kizamani kwa sababu tu vitabu vya England havina kitu kama hicho.

Hata hivyo wepesi huo una mipaka. Mtoto anayeimba mstari wa silabi ubaoni pamoja na wenzake huenda ameukariri kwa mfuatano wake, na mwalimu akionyesha "bo" peke yake asiitambue. Zipo herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama ch, sh, ny, th, dh na gh, na zipo konsonanti zinazofuatana, kama katika "mbwa" na "ng'ombe". Tofauti kati ya "ng" na "ng'" huwasumbua hata watu wazima. Herufi m ni silabi kamili katika "mtu" (m-tu), lakini katika "mbali" imeungana na b (mba-li). Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wanaotumia Kiswahili, walichapisha mwaka 2003 makala ambayo kichwa chake chenyewe kinasema kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kanuni si kazi ndogo.

Maneno ya Kiswahili pia ni marefu. "Hatukuwaona" ni neno moja lenye ukanushi, nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi. Kwa Kiingereza ni maneno manne. Kwa hiyo kipimo cha idadi ya maneno yanayosomwa kwa dakika hakiwezi kuhamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, ingawa ripoti nyingi hukitumia kana kwamba ni kimoja.

Historia nchini Tanzania

Baada ya uhuru mkazo ulikuwa juu ya watu wazima. Kampeni za kisomo za miaka ya 1970 zilipunguza sana idadi ya wasiojua kusoma, kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 kwa takwimu za serikali za mwaka 1986. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE), na ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 madarasa yalifurika tena. Watoto waliingia shuleni. Kama walijifunza kusoma ni swali lililochelewa kuulizwa.

Lilikuja kuulizwa na Uwezo, mpango ulioanzishwa chini ya Twaweza kwa kufuata mfano wa ASER wa India. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na kumpa kila mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za kwanza, kuanzia mwaka 2010, zilionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kuisoma. Mwaka 2013 upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma kwa wanafunzi wa darasa la pili uliona kwamba asilimia 8 tu walisoma kwa ufahamu wa kuridhisha. Mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo watahiniwa wapatao asilimia 60 walipata daraja sifuri, na hasira ya wazazi ikaifikia serikali.

Katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, KKK ikawa kipaumbele. Mwaka 2015 Taasisi ya Elimu Tanzania ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliopunguza masomo mengi ya awali na kutenga asilimia 80 ya muda wa darasani kwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mafunzo ya walimu na vitabu yaligharimiwa kwa sehemu na mradi wa LANES, uliopata dola milioni 94.8 kutoka Ushirika wa Kimataifa wa Elimu. Nchini Kenya mpango wa Tusome, ulioanza mwaka huohuo wa 2015, ulifika shule zote za msingi za umma kwa kitabu kimoja kwa kila mtoto, maandalio ya somo yaliyokwisha kuandikwa na maafisa wa kuwatembelea walimu darasani.

Pwani ya Lindi

Sudi ni kijiji na kata ya pwani katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa mji wa Lindi, si mbali na mpaka wa Mkoa wa Mtwara. Mpaka huo wa kiutawala ulikuwa pia mpaka wa miradi. Mkoa wa Lindi uliingizwa katika EQUIP-Tanzania, programu iliyofadhiliwa na Uingereza kati ya mwaka 2014 na 2020, wakati Mtwara ilikuwa katika Tusome Pamoja ya Marekani, iliyoanza mwaka 2016 ikihudumia pia Ruvuma, Iringa, Morogoro na Zanzibar. Vijiji vilivyo jirani, vyenye watoto wa koo moja, viliweza kupata vitabu vya ziada na mafunzo ya walimu kutoka kwa wafadhili tofauti. Takwimu za mwanzo za tathmini ya EQUIP-Tanzania zilikusanywa mwaka 2014, kabla Lindi haijaingia, hivyo matokeo yake hayawezi kusomwa kama picha ya pwani hii. Programu iliyofuata ya Uingereza, Shule Bora, inafanya kazi katika mikoa 9, na Lindi haimo.

Katika pwani hii watoto wengi hujifunza herufi mara mbili. Chuoni, yaani madrasa, huanza na herufi za Kiarabu, kisha huhijizi kwa kuunganisha herufi na irabu zake mpaka wasome aya nzima. Hiyo ni njia ya sauti iliyo kamili, na ilikuwepo pwani kabla ya shule za kikoloni. Mtoto huweza kusoma Kurani kwa ufasaha bila kuelewa Kiarabu, na kwa lengo la kisomo hicho si kasoro. Nadharia ya Gough na Tunmer haipati mfano ulio wazi kuliko huu. Shuleni hali hugeuka kwa mtoto anayetoka katika nyumba inayozungumza Kimwera au Kimakonde: anaweza kutamka kila silabi ya Kiswahili cha kitabuni na bado maana ikampita, kwa kuwa msamiati haujatosha. EQUIP-Tanzania ililijibu tatizo hili kwa programu ya utayari, iliyowaandaa kwa hadithi na michezo watoto ambao hawakupata elimu ya awali.

Ukosoaji

Wakosoaji husema kwamba mbinu bora haina maana katika darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja. Upo ushahidi kwamba fedha peke yake nazo hazitoshi. Katika jaribio la KiuFunza la mwaka 2013 na 2014, lililohusisha shule 350 katika wilaya 10, ruzuku ya shule pekee haikuinua alama za wanafunzi. Ruzuku iliyoambatana na bahashishi kwa walimu kulingana na ufaulu iliziinua.

Lawama nyingine ni utegemezi. Jifunze Uelewe, mradi uliochukua nafasi ya Tusome Pamoja, uliendeshwa kwa fedha za USAID, shirika lililosimamisha kazi zake mwaka 2025. Mtaala mpya, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, ulianza kutumika Januari 2024, na mzigo wa kuchapa vitabu na kufundisha walimu umebaki zaidi kwa Taasisi ya Elimu na halmashauri.