Alama za Protini na Kansa ya Ngozi Uvira: Tuanzie kwenye Formalini

Vitabu vingi vya tiba huonyesha kansa ya ngozi kwa picha za ngozi nyeupe iliyoungua na jua. Huku Uvira, Kivu Kusini, na ufukweni mwa ziwa kote hadi Baraka, sura yake ni nyingine. Melanoma, kansa ya seli zinazoipa ngozi rangi, huota zaidi kwenye unyayo au chini ya ukucha, na mkulima wa bonde la Ruzizi aliyezoea kuchomwa na miiba huidhani kidonda cha kawaida. Sarkoma ya Kaposi nayo ilikuwapo mashariki mwa Kongo kabla ya UKIMWI kujulikana. Huanza na vinundu vyeusi miguuni. Macho ya daktari hayatoshi kuvitambua. Utafiti wa Uganda na Kenya ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na Kaposi, zaidi ya mmoja kwa kila watano hakuwa nayo kipande cha ngozi kilipopimwa. Mtu kama huyo angepewa dawa kali za kansa bure.

Hapo ndipo protini zinapotoa ushahidi. Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vya Kaposi mwaka 1994, na seli zilizoambukizwa hubeba protini ya virusi hivyo, LANA. Kingamwili ya maabara iliyotiwa rangi ikiinasa, viini vya seli huonekana kwenye hadubini vikiwa na vitone vya kahawia. Kwa melanoma hutumika S100, SOX10 na Melan-A. S100 huikosa melanoma mara chache, lakini imo pia kwenye seli za neva, kwa hiyo isiachiwe kuamua peke yake. Tena, rangi ya kahawia ya kipimo hufanana na melanini, rangi ya asili ya ngozi. Uvimbe uliojaa melanini upimwe kwa rangi nyekundu, la sivyo msomaji atadanganyika.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, wanaosumbuliwa zaidi na kansa ya seli bapa, hadubini na rangi za kawaida hutosha mara nyingi. Mahitaji yao makubwa ni kofia, mafuta ya kukinga jua na upasuaji wa mapema.

Hata hivyo, nashikilia kwamba kingamwili si ununuzi wa kwanza. Kipande kilichoachwa bila formalini, dawa ya kukihifadhi, katika joto la Uvira huoza. Kikikaa ndani ya formalini majuma mengi kikingoja gari, protini hufungamana hadi kingamwili isizitambue. Kinachofaa ni formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kipande, kwa saa 6 hadi 72. Barabara ya Kamanyola iendayo Bukavu haiwezi kuahidi saa hizo, hasa tangu waasi wa M23 waiteke Bukavu Februari 2025. Lakini kipande kikishazamishwa katika nta ya parafini hudumu miaka bila friji, na kinaweza kusubiri amani au kufunguliwa kwa mpaka.

Basi wakuu wa afya wa Kivu Kusini waipatie Uvira kwanza mashine ya parafini na fundi wake. Na wewe daktari unayekata kipande leo, andika juu ya chupa saa uliyokitia kwenye formalini.