Safu ya Lugha: Anwani haitafsiriwi

Fundi wa mitandao wa Kisangani aliyesoma kwa Kifaransa husema ruta “inatafsiri anwani”. Hapana! Tafsiri, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya ufafanuzi, huhamisha maana, kama mkalimani sokoni kati ya Kilingala na Kiswahili. Anwani haina maana ya kuhamishwa.

Kompyuta yenye anwani 192.168.1.10 ikituma pakiti, ruta huifuta namba hiyo na kuandika anwani yake ya umma. Jibu likirudi, huirejesha ya awali. Huko ni kubadili anwani.

Kuelekeza upya ni jambo jingine: pakiti iliyobisha poti ya 80 hupelekwa kwa seva ya ndani. Kinachobadilika hapo ni iendako, si itokako. Kichujio cha pakiti pf, kilichoingia katika mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 2001, huyatenganisha mambo haya mawili: kubadili anwani ni nat-to, kuelekeza upya ni rdr-to.