Whispers (safu ya gazeti)

Whispers, yaani "Minong'ono", ilikuwa safu ya vichekesho iliyoandikwa kwa Kiingereza na Mkenya Wahome Mutahi (1954–2003), kwanza katika Sunday Standard, kisha Sunday Nation. Ilianza mapema miaka ya 1980, KANU, chama tawala cha Kenya, ilipofanywa chama pekee kisheria (1982) na jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo likampa Rais Daniel arap Moi sababu ya kukaza kamba.

Kwa juujuu ilihusu nyumba moja tu. Baba, Whispers, ni mlevi mwoga anayejivunia kuwa mwana wa udongo. Mkewe ni Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza wa siku hizo, na neno lake halipingwi. Binti yao huitwa kitega uchumi, maana baba anaisubiri mahari. Mwana wa kiume ni jambazi wa nyumbani. Ugomvi wa sebuleni ulipita pale ambapo tahariri isingepita. Mtawala wa amri, mnafiki wa kujipendekeza, mwoga anayenguruma akiwa baa tu: wote walikuwamo, na msomaji hakuhitaji kutajiwa majina.

Pazia hilo halikumkinga mwandishi mwenyewe. Mwaka 1986 alikamatwa katika msako wa Mwakenya, harakati ya chini kwa chini, akafungwa miezi 15. Washukiwa wa msako huo walihojiwa Nyayo House, jengo la serikali katikati ya Nairobi, na wengine waliwekwa katika vyumba vya chini vilivyomwagwa maji. Mateso ya aina hiyo ndiyo kiini cha riwaya yake Three Days on the Cross (1991), inayosimuliwa bila ucheshi wa Jumapili.

Vyama vingi viliporudi, Mutahi aligeukia jukwaa na lugha ya Kikuyu. Tamthilia yake Mugaathe Mubogothi, takriban "Mtukufu Mropokaji", ilichezwa hata kwenye mabaa. Mtukufu ni nani, hakuna aliyeuliza: kwa miaka mingi taarifa ya habari ya redio ya taifa ilifunguliwa kwa "Mtukufu Rais". Hapa kejeli ilivua pazia, ingawa asiyejua Kikuyu alibaki mlangoni, kama vile asiyejua Kiingereza alivyoikosa safu.

Mutahi alifariki Julai 2003, yapata miezi saba baada ya Moi kuondoka Ikulu.