Nani Aliitupa Fremu ya Sita?

Simu yako, kama hujagusa mipangilio yake, yaelekea inarekodi fremu 30 kwa sekunde. Stesheni za runinga hapa Kenya zinataka 25. Basi anayeediti anaigeuza faili, programu inatupa fremu moja katika kila sita, na matatu iliyokuwa ikiteleza vizuri pale Tom Mboya Street inaanza kurukaruka kama ina shida ya klachi. Mteja analaumu kamera. Mwingine analaumu laptopu. Mimi hulaumu stima.

Na sio stima kupotea. Runinga zilipokuwa zikiundwa, ilikuwa rahisi kuifuatisha picha na mdundo wa umeme wa nchi. Ukienda kinyume, kioo kilionyesha mistari inayotambaa. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wakachukua fremu 30. Wa Uingereza hupiga mara 50, wakachukua 25. Sisi tulitawaliwa na Mwingereza, stima yetu ni ya 50, na runinga ilipofika Nairobi mwaka 1962 ilikuja na 25 zake. Simu nyingi nazo zimefuata hesabu ya Marekani. Kwa hivyo ukikaa kugeuza faili usiku, unasuluhisha ugomvi wa mitambo ya umeme ya watu waliokufa zamani.

Hata hiyo 30 si 30. Desemba 1953, Marekani ilipoidhinisha rangi, mawimbi ya rangi na ya sauti yaligongana, na wahandisi wakapunguza mwendo kidogo tu: 29.97. Watazamaji hawakushtuka. Lakini ichukulie hiyo 29.97 kuwa 30 kamili, na baada ya saa moja umepishana kwa sekunde 3.6. Pasta ashaketi, sauti yake bado inasema amina.

Hilo ni la mwendo. La pili ni la kufinya, na hapo ndipo anayetazama na anayehariri walipoachana kabisa.

Mwaka 1988 Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani walianzisha kundi la wataalamu linaloitwa MPEG. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuingiza video kwenye CD, kitu kilichoundwa kwa ajili ya muziki. Hapo una kama megabiti 1.5 kwa sekunde, na video ghafi haingii humo hata uisukume na goti. Dawa waliyopata ni kutoandika kila picha. Andika moja kamili, halafu kwa zinazofuata andika kilichobadilika tu. Bibi harusi amesimama, ukuta haujasonga. Ya nini kuuandika ukuta mara 25 kwa sekunde?

Kwa kutazama, hiyo ni akili sana. Lakini mhariri hatazami tu, anakata. Anataka fremu hii, hapa, sasa. Kama si ile kamili, kompyuta inarudi nyuma kuitafuta iliyo kamili, inazijenga upya zote za katikati, ndipo ikuonyeshe uliyoomba. Ndiyo maana MP4 inayocheza poa kwa simu inaganda ukiiweka kwenye taimlaini, na feni ya laptopu inalia kama inataka kupaa.

Watengenezaji wa vifaa vya uhariri walilijua hilo. DV, iliyotoka mwaka 1995, ilifinya kila fremu peke yake: megabiti 25 kwa sekunde, saa moja ikala kama gigabaiti 13. Avid wakaleta DNxHD mwaka 2004, Apple wakaleta ProRes mwaka 2007, kwa wazo lile lile. Faili ni jitu, lakini kila fremu inajitegemea.

Aliyetuwekea daraja kati ya ulimwengu huu na ule ni Mfaransa, Fabrice Bellard, aliyeanzisha FFmpeg mwaka 2000 na kuitoa bure. Nyingi za programu za kugeuza video unazopakua zimevalishwa nguo tu. Ukizivua unaikuta FFmpeg. Nayo itakufunza jambo ambalo vitufe vya rangi rangi vinaficha: MKV na MP4 ni vyombo, si chakula. Kuhamisha pilau kutoka sufuria hadi hotipoti ni sekunde chache na hakuna punje inayopotea. Kubadilisha kodeki ni kupika upya, na kila mapishi yanaacha kitu jikoni.

Kilichoachwa jikoni kina sura. Mama mmoja aliniletea VCD ya harusi ya dadake. Dada ameshatangulia, familia inafanya kumbukumbu, na hiyo diski ndiyo video pekee ambamo anaonekana akicheka. Harusi ilirekodiwa kwa MiniDV, lakini kanda zilikuwa ghali wakati huo, na mpiga video alikuwa amerekodia harusi nyingine juu yake. Piga hesabu: kanda ilikuwa na pikseli 720 kwa 576, VCD ni 352 kwa 288, yaani kama robo. Kwa data, haifiki hata sehemu moja kati ya ishirini. Kwenye picha ya mbali, uso wa yule dada unaenea ndani ya mraba wa pikseli 16 kwa 16, kipimo kile kile ambacho MPEG hukatia picha vipande.

“Mwanangu, si uigeuze tu iwe HD?”

Nikamwambia, mama, chai ya kikombe ukiimimina kwenye jagi haiongezeki. Zipo programu za siku hizi zinazokuza picha kwa kubahatisha. Nilimwonyesha moja. Ikamchorea marehemu kope ndefu na ngozi laini kama ya tangazo la mafuta. Akaangalia kwa muda.

“Hizo si kope zake.”

Basi niliinakili AVSEQ01.DAT jinsi ilivyo kwenye diski, bila kuigusa. Nikatoa nakala ya ProRes ya kukatia, si kwa kuongeza ubora, kwa kuzuia tu mapishi mengine katikati ya kazi. Fremu nikaziacha 25. Picha sikuivuta ijaze skrini ya kanisa. Niliikuza mara mbili tu, nikaiweka katikati na weusi pande zote. Nilimpa diski yake, na flashi mbili zenye ile faili ya DAT, moja akae nayo, nyingine ampelekee kakake Kitale.